Kungoja Siku ya Safari: Somo Kuhusu Matarajio

Katika nyumba nyingi za Marekani imo desturi ndogo ambayo mgeni aweza kuipita bila kuizingatia. Wazazi na watoto hukata vipande vya karatasi za rangi, huvigundisha viwe pete zilizoshikana, kisha huutundika mnyororo huo ukutani. Kila pete ni siku moja. Kila jioni mtoto huchana pete moja, na mnyororo hupungua. Pete ya mwisho inapochanwa, familia hufunga mizigo na kuanza safari ya kwenda katika bustani ya burudani ambayo watoto wameizungumza kwa miezi mingi.

Bustani za namna hiyo si bustani za maua tu. Ni viwanja vikubwa vilivyozungushiwa ua, vyenye vigari viendavyo kasi juu ya reli za kupanda na kushuka, bembea za kuzunguka, majumba ya hadithi, maandamano ya muziki, na watu waliovaa sura za wanyama wa katuni. Tivoli ya Copenhagen, nchini Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843. Efteling ya Uholanzi ilifunguliwa mwaka 1952. Disneyland, iliyoko Anaheim katika jimbo la California, ilifunguliwa tarehe 17 Julai, 1955; na Walt Disney World, iliyo kubwa zaidi, ilifunguliwa karibu na mji wa Orlando, Florida, tarehe 1 Oktoba, 1971. Kwa familia ya kipato cha kawaida, safari ya huko si jambo la kila mwezi. Nauli, malazi na viingilio huwekewa akiba kwa muda mrefu, na safari moja inapomalizika huanza kungojwa nyingine.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya. Ichukuliwe kwamba mnyororo una pete 300, na safari yenyewe ni ya siku 5. Hesabu nyepesi yaonyesha kwamba kila siku moja ya bustanini imengojwa kwa siku 60. Je, siku hizo 60 ni hasara tupu, au zina thamani yake? Na kama zina thamani, thamani hiyo yategemea nini? Wataalamu wa saikolojia, uchumi, ubongo na hisabati wameyachunguza maswali haya kila mmoja kwa njia yake. Majibu yao yamfaa hata mtu asiyetazamia kuiona bustani ya namna hiyo maishani mwake, maana hakuna binadamu asiyengoja. Mkulima hungoja mvua, mwanafunzi hungoja likizo na matokeo ya mtihani.

Furaha itanguliayo safari

Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Uholanzi kwa watu wazima 1,530. Kati yao, 974 walikwenda likizo ya matembezi katika kipindi cha uchunguzi na wengine hawakwenda. Wote waliulizwa juu ya kiasi cha furaha yao. Ilionekana kwamba kabla ya safari, wale waliokuwa wakienda likizo walikuwa na furaha zaidi kuliko wale waliobaki. Lakini baada ya kurejea, kwa jumla hapakuwa na tofauti baina ya makundi hayo mawili. Ni wale tu waliosema kwamba likizo yao ilikuwa ya mapumziko makubwa sana ambao furaha yao iliendelea kuwa juu kwa muda.

Mwanafunzi wa sayansi asikimbilie hitimisho hapa. Yawezekana kwamba watu wenye furaha, au wenye nafasi zaidi, ndio wanaopenda kusafiri. Watafiti wenyewe walisema tu kwamba huenda sababu ni matarajio. Kwa hiyo yafaa kutafuta ushahidi wa aina nyingine.

Ushahidi huo wapatikana katika kazi ya mchumi wa Marekani, George Loewenstein, iliyochapishwa mwaka 1987. Wachumi walikuwa wamezoea kufundisha kwamba kitu chema kikipatikana leo kina thamani kubwa kuliko kitu kile kile kikipatikana kesho. Loewenstein aliwauliza wanafunzi wangelipa kiasi gani ili wapigwe busu na mwigizaji wa sinema wampendaye, iwe sasa hivi, baada ya saa chache, baada ya siku 3, au baada ya miaka. Bei ya juu kuliko zote haikuwa ya busu la papo hapo, bali ya busu la kungojwa siku 3. Lilipoahirishwa kwa miaka 10, bei ilishuka. Aliwauliza pia wangelipa kiasi gani ili waepuke kupigwa na umeme. Hapo walikuwa tayari kulipa zaidi kuuepuka umeme wa miaka mingi ijayo kuliko ule wa papo hapo, kwani mtu asiye na njia ya kukwepa jambo baya hupenda limalizike haraka.

Kumbe kungoja si muda mtupu. Mwenye kungoja jema hulionja kwa mawazo kabla halijafika, na mwenye kungoja baya huteseka kabla ya wakati. Siku 3 zatosha kuonja. Miaka 10 ni mbali mno, na ladha hupotea njiani.

Kinachotendeka ubongoni

Ubongo nao umechunguzwa. Katika ubongo wa kati zimo seli za neva zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walizichunguza seli hizo kwa kutumia tumbili waliopewa matone ya maji ya matunda, na mwaka 1997, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, aliandika makala mashuhuri yaliyoeleza maana ya matokeo hayo.

Mwanzoni, tumbili alipopewa maji ya matunda bila kutazamia, seli hizo zilichangamka mara moja. Kisha kila mara kabla ya maji kutolewa, ilionyeshwa ishara. Baada ya tumbili kujifunza maana ya ishara hiyo, mambo yaligeuka. Seli zilichangamka wakati wa ishara, na maji yenyewe yalipofika hazikuonyesha badiliko. Maji yasipotolewa kabisa, seli zilipunguza kazi yake chini ya kiwango cha kawaida, na zilifanya hivyo katika dakika ile ile ambayo maji yalitazamiwa. Kwa maneno mengine, seli hizi hupima tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Mtoto si tumbili, na bustani si tone la maji ya matunda. Hata hivyo kanuni hiyo yasaidia kueleza mambo matatu yajulikanayo na kila mzazi. Kwanza, kwa nini tangazo la safari huamsha shangwe kubwa ambayo huenda ikaishinda hata shangwe ya kufika. Pili, kwa nini pete ya karatasi, isiyo na thamani yoyote, hung'ang'aniwa na watoto wawili wanaogombea zamu ya kuichana: pete imekwisha kuwa ishara. Tatu, kwa nini safari inayovunjwa huleta huzuni kubwa kuliko safari ambayo haikuahidiwa kamwe.

Kent Berridge, wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliongeza jambo jingine muhimu. Yeye na wenzake walionyesha kwamba panya waliopunguziwa sana dopamini waliacha kutafuta chakula, lakini waliponyweshwa kitu kitamu, nyuso zao zilionyesha dalili zile zile za kupendezwa. Basi kutamani kitu na kukifurahia ni mambo mawili yatendwayo kwa njia mbalimbali ubongoni. Mtu aweza kuitamani safari kwa nguvu kuliko atakavyoifurahia. Wafanya biashara ya matangazo wanaelewa jambo hili vyema, na mzazi mwenye akiba ndogo hana budi kulielewa pia kabla ya kuingia katika deni kwa ajili ya hamu.

Kwa nini siku za mtoto ni ndefu

Mwaka 1877 mwanafalsafa Mfaransa, Paul Janet, alitoa dhana kwamba binadamu hupima urefu wa muda kwa kuulinganisha na umri alioishi. Kwa mtoto wa miaka 5, mwaka mmoja ni 1/5 ya maisha yake yote. Kwa mzazi wa miaka 40, ni 1/40. Kwa hesabu hiyo, mwaka wa kungoja ni mrefu mara 8 kwa mtoto kuliko kwa mzazi wake. Dhana hii haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo kamili, lakini yamkumbusha mtu mzima kwamba maneno "bado kidogo tu" hayana urefu mmoja masikioni mwa watu wawili.

Je, mtoto hustahimili vipi? Walter Mischel, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1960. Mtoto aliketishwa mbele ya kitu kitamu na kuambiwa kwamba akingoja mpaka mtafiti arudi, atapata zaidi. Waliokikodolea macho na kuiwazia ladha yake walishindwa upesi. Walioweza kungoja zaidi ni wale ambao kitu hicho kilifichwa wasikione, au waliojishughulisha kwa michezo na mawazo mengine.

Hapa mnyororo wa karatasi waonyesha hekima yake. Haumtaki mtoto awaze bustani mchana kutwa. Humpa kazi ndogo ya dakika moja kila jioni, kisha humwachilia aende kucheza. Aidha, huugeuza muda usioonekana kuwa kitu kinachoshikika na kuhesabika.

Kungoja ndani ya kungoja

Familia inapofika bustanini hukuta kwamba kungoja hakujaisha. Mbele ya kila mchezo upendwao kuna foleni. Elimu ya foleni ilianzishwa na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, mji ule ule wenye bustani ya Tivoli, ambaye mwaka 1909 alichapisha makala juu ya hesabu za simu zinazopigwa. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi itumikayo hadi leo: idadi ya watu walio katika foleni ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa dakika, ikizidishwa kwa dakika ambazo kila mmoja hungoja kwa wastani. Kanuni hiyo hufaa foleni inapokuwa imetulia, yaani wanaoingia ni sawa na wanaotoka.

Kwa mfano, mchezo ukichukua watu 24 kila dakika, na foleni ina watu 1,080, basi muda wa kungoja ni 1,080 ÷ 24, yaani dakika 45.

Lakini dakika 45 za saa si lazima ziwe dakika 45 za moyo. Mwaka 1985 David Maister aliandika kwamba muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko wenye shughuli, na kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo kinachojulikana. Ndiyo maana bustani nyingi hupamba njia za foleni kwa picha na sanamu, na huweka kibao kinachosema zimebaki dakika ngapi. Mwaka 1999 bustani za Disney zilianzisha utaratibu wa bure ulioitwa FastPass, ambao ulimpa mgeni saa yake ya kurudi ili asisimame katika foleni. Utaratibu huo haukuongeza hata kiti kimoja katika vigari; ulibadili mahali pa kungojea tu. Mwaka 2021 mahali pake palichukuliwa na huduma ya kulipia, na wakati wa mtu ukawa kitu kinachonunuliwa waziwazi.

Kumbukumbu na hamu ya safari ijayo

Mtu aliyechoshwa na jua, foleni na kilio cha mtoto angetazamiwa kuapa kutorudi tena. Kinyume chake, wengi huanza kuwazia safari ijayo mara tu wanapofika nyumbani. Mwaka 1997 Terence Mitchell na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu walioulizwa juu ya hisia zao kabla ya safari, wakiwa safarini, na baadaye. Mojawapo ya safari hizo ilikuwa ya wiki 3 za kuendesha baiskeli katika California. Ilionekana kwamba watu waliitazamia safari kwa furaha kubwa, wakaipima chini walipokuwa ndani yake, kisha wakaikumbuka kuwa njema kuliko walivyokuwa wameisema siku zile zile. Usumbufu mdogo mdogo hufifia, na yale yaliyo mazuri hubaki.

Kumbukumbu yaweza hata kuongezewa mambo yasiyokuwapo. Mwaka 2002 Kathryn Braun, Rhiannon Ellis na Elizabeth Loftus waliwaonyesha watu tangazo la kubuni la bustani ya Disney lenye picha ya sungura wa katuni aitwaye Bugs Bunny. Baadaye baadhi yao walidai kwamba walikutana na sungura huyo huko utotoni mwao. Jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa Bugs Bunny ni mali ya kampuni nyingine, Warner Bros.

Basi hamu ya safari ijayo hujengwa juu ya kumbukumbu iliyokwisha kusafishwa. Huo si udanganyifu wa makusudi. Ndivyo akili ilivyo. Lakini anayepanga kutumia akiba ya mwaka mzima afadhali aandike, akiwa bado safarini, yale yaliyompendeza na yale yaliyomchosha, ili hesabu yake ya baadaye isifanywe na hamu peke yake.

Ahadi ndiyo nguzo

Tarehe 14 Machi, 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, Disneyland ya California ilifungwa. Ilifunguliwa tena tarehe 30 Aprili, 2021, yaani siku 412 baadaye. Familia zilizokuwa zimekwisha kupanga safari zilibaki na muda usiohesabika. Mnyororo hauwezi kutengenezwa mahali pasipo na tarehe, kwa maana hakuna ajuaye pete ziwe ngapi. Yale yaliyosemwa na Maister kuhusu foleni yalionekana sasa kwa kipimo cha mwaka: kungoja kwenye kikomo ni matarajio, na kungoja kusiko na kikomo huweza kugeuka kuwa wasiwasi.

Uchunguzi mmoja wazigusa nyumba zote, ziwe tajiri au maskini. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walichapisha majaribio yao kwa watoto 28, waliogawanywa katika makundi mawili ya watoto 14. Kwanza mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Katika kundi moja aliitimiza ahadi yake. Katika kundi la pili alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Kisha watoto wote wakapewa jaribio la Mischel la kungoja kitu kitamu, kwa muda usiozidi dakika 15. Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi, na 9 kati yao walifika mwisho. Waliovunjiwa ahadi walingoja wastani wa dakika 3 hivi, na aliyefika mwisho ni mmoja tu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto ashindwaye kungoja amepungukiwa na uwezo wa kujizuia. Majaribio haya yaonyesha kwamba pengine mtoto huyo amefanya hesabu sahihi: ahadi za hapa hazitimizwi, basi heri kula kilicho mkononi. Subira si tabia ya moyo wa mtoto pekee. Ni matokeo pia ya uaminifu wa watu wazima wanaomzunguka.

Jibu la swali la mwanzo, kwa hiyo, ni hili. Siku 60 za kungoja siku moja si hasara, bali ni sehemu ya safari, na kwa familia nyingi huenda ndizo sehemu ndefu kuliko zote za furaha yake. Lakini thamani hiyo imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni ahadi inayoaminika. Mzazi anayeahidi safari kubwa asiyoweza kuilipia hupoteza zaidi ya safari. Hupoteza imani ya mtoto katika ahadi ijayo. Mzazi anayeahidi matembezi ya siku moja ufukweni, akataja tarehe na kuitimiza, amempa mtoto wake matarajio, furaha na kumbukumbu kwa gharama ndogo. Wahenga walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni, na sayansi sasa yaonyesha jinsi deni hilo linavyolipwa au kudaiwa ndani ya akili ya mtoto.

Mazoezi

1. Mchezo mmoja huchukua watu 20 kila dakika, na foleni yake ina watu 700. Mwanafunzi atafute muda wa kungoja. Je, muda utakuwaje iwapo kigari kimoja kitaharibika na mchezo ukachukua watu 14 tu kwa dakika, foleni ikibaki na idadi ile ile? (Majibu: dakika 35, dakika 50.)

2. Siku 14 kabla ya likizo ya shule, kila mwanafunzi aanze kuandika kila jioni alama ya furaha yake, kuanzia 1 hadi 10. Aendelee wakati wa likizo, na siku 7 baada ya kurudi. Darasa lichore grafu ya wastani, kisha lijadili: kilele kiko wapi? Mwalimu akumbuke kwamba si kila mwanafunzi huifurahia likizo. Asilazimishwe yeyote kusoma alama zake mbele ya wenzake.

3. Mwanafunzi aeleze kwa nini uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 2010 peke yake hautoshi kuthibitisha kwamba matarajio ndiyo yaletayo furaha. Apendekeze namna ya kuuboresha.

4. Mjadala: "Ni bora kutomwahidi mtoto jambo lolote mpaka siku yenyewe ifike." Upande mmoja utetee na mwingine upinge, kila upande ukitumia angalau uchunguzi mmoja uliotajwa katika makala haya.